Siku 30, Siku 60: Ubaguzi Kazini na Haki Inayopotea kwa Kuchelewa



Nianze na kadi ya kliniki. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Jioni moja, wakati nafunga ofisi, aliingia dada mmoja na mtoto kifuani, akaketi, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, hati tatu za mshahara zilizokunjwa mara nne, na kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya msimamizi wake. Alikuwa mfungashaji kiwandani kwa miaka minne. Mimba ilipofika mwezi wa saba, msimamizi alimwambia mbele ya wenzake wawili, "Nenda kapumzike mama, na tumbo hilo huwezi kusimama hapa. Ukishajifungua tutakuita." Akaenda. Akajifungua salama, akamaliza arobaini, akapiga simu, akaambiwa asubiri. Alipokwenda mwenyewe getini, mlinzi alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili, jina hakuliona. Ofisini akaambiwa nafasi yake imeshapata mtu.

Hapo ndipo alipoanza kubembeleza. Leo kwa msimamizi, kesho kwa mtu wa utumishi, keshokutwa kwa mama mmoja anayesali kanisa moja na mke wa meneja. Kila mmoja alimpa neno la matumaini. Siku aliyoingia ofisini kwangu ilikuwa ya 71 tangu aambiwe nafasi yake imekwenda.

Sheria ilikuwa imempa siku 30 za kufungua shauri.

Tuliandika maombi ya kuongezewa muda, akala kiapo, tukaeleza kwamba alikuwa na mtoto mchanga na kwamba mwajiri alikuwa akimpa ahadi. Maombi yakakataliwa. Katika shauri lile zima mwajiri hakuulizwa hata swali moja juu ya ile mimba. Hakuna mtu aliyesema kwamba dada yule hakubaguliwa, ila shauri lake halikufika mahali pa kuulizwa hilo. Niliyemsindikiza hadi kituo cha daladala ni mimi, na njia nzima sikupata la kumwambia.

Nimekaa na wafanyakazi wengi tangu wakati ule, na nimekuja leo kusema jambo moja. Haki ya kutobaguliwa kazini ipo, na imeandikwa vizuri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tunaipoteza katika siku tunazozitumia kuomba kile ambacho tulipaswa kukidai.

Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na taratibu zake ni zao. Nitakayoyasema hapa kuhusu siku na fomu ni ya Bara. Nyuma ya sheria hiyo ipo Katiba ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 13 inakataza ubaguzi na ya 23 inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Na mwaka 2002 nchi yetu iliridhia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani, ule Namba 100 wa malipo sawa kwa wanaume na wanawake, na ule Namba 111 wa ubaguzi katika ajira. Hata hivyo mfanyakazi hahitaji kwenda Geneva kwenye shirika hilo. Kifungu cha 7 cha sheria ya mwaka 2004 kinamtosha, na ningependa kila kiongozi wa tawi akijue kama anavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Kifungu hicho kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali alikotoka, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya UKIMWI, umri au hali yake ya maisha. Kisha kinaongeza kwamba kumsumbua na kumdhalilisha mfanyakazi kwa mojawapo ya sababu hizo nako ni ubaguzi. Bosi anayemwita kijana kwa jina la kejeli la kabila lake kila asubuhi mbele ya wenzake hawezi kujitetea kwamba mshahara wake haujaguswa.

Soma tena neno majukumu ya familia hapo. Wengi huliruka neno hilo. Mama anayenyimwa cheo kwa kuambiwa "wewe una watoto wadogo, safari hizi hutaziweza" amebaguliwa, hata kama aliyesema alidhani anamhurumia. Na baba anayemlea mtoto peke yake yumo humo pia.

Ubaguzi wa kuzunguka unahitaji jicho. Mwajiri anatoa sharti linaloonekana la wote, lakini linawaangukia watu wa aina moja. Akisema kila anayetaka kupandishwa cheo awe amefanya kazi miezi 24 mfululizo bila kukosekana kazini zaidi ya mwezi mmoja, hakutaja mwanamke popote. Lakini likizo ya uzazi kwa mujibu wa kifungu cha 33 ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nani ataangukia nje ya sharti hilo? Hesabu inajisemea yenyewe.

Nilipita mtaani siku moja nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kioo kwa selotepu, imeandikwa kwa herufi kubwa kwa kalamu ya wino mzito: anahitajika dada wa mapokezi, mrembo, umri usizidi miaka 25, asiwe na mtoto. Watu walipita, wawili wakapiga picha ile namba ya simu, maisha yakaendelea. Sheria yetu inasema wazi kwamba neno mfanyakazi, kwa habari ya ubaguzi, linamjumuisha na mwombaji kazi, na kwamba tangazo la kazi na vigezo vya kuchagua watu navyo vimo ndani ya katazo. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa imevunja sheria kabla hata mtu mmoja hajagonga mlango. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ubaguzi tuliouzoea hatuuoni tena. Tunausoma kama tunavyosoma bei ya nyanya.

Wazee wetu hawakuuzoea. Wakati wa ukoloni mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi, Mzungu na yake, Mhindi na yake, Mwafrika na yake, kwa watu walioweza kuwa wanafanya kazi katika jengo moja. Wapakizi na wapakuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947, bila kifungu cha sheria cha kuwalinda. Sisi tuna kifungu.

Sasa, si kila utofauti ni ubaguzi, na kiongozi wa tawi anayelipigia kelele kila jambo huwaumiza wenye madai ya kweli. Sheria inamruhusu mwajiri kuchukua hatua za kuwainua walioachwa nyuma. Inamruhusu pia kumtofautisha mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Dereva lazima aone barabara. Lakini mwajiri hupenda kuutanua mlango huu mpaka upitishe kila kitu, na hapa nitatoa mfano kutoka Afrika Kusini, kwa kuwa maneno ya sheria yao na yetu katika jambo hili yanafanana sana. Kijana mmoja aliomba kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege. Alifaulu usaili wote, kisha vipimo vikaonyesha ana Virusi vya UKIMWI, akanyimwa kazi. Shirika la ndege likaleta hoja za chanjo, za usalama, na za abiria watakavyoona. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kutokuwa na virusi si sifa ya lazima ya kazi ile, na kwamba chuki za wateja haziwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu haki. Ikaamuru aajiriwe. Basi mwajiri akikuambia "mimi sina tatizo nawe, ila wateja hawatapenda", fahamu kwamba hoja hiyo ilishapimwa mahakamani ikaanguka.

Kwa wenye ulemavu tunayo sheria nyingine, ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Hesabuni kwenye maeneo yenu ya kazi kesho asubuhi.

Nakuja kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo tunda lililoiva kuliko yote katika sheria hii, na ndilo linalooza mtini.

Mfanyakazi akija ofisini kwangu, neno la kwanza huwa ni hili: "Nitathibitishaje? Hakuna aliyeandika kwamba ananifukuza kwa sababu ya kabila langu." Ni kweli, hakuna anayeandika. Bunge lililijua hilo. Kifungu cha 7 kinasema mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba alibaguliwa kwa sababu mojawapo iliyotajwa, mzigo unamhamia mwajiri. Ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba jambo hilo halikutokea, au lilitokea kwa sababu nyingine isiyo ya ubaguzi, au kwamba sifa aliyoitaka ni ya lazima kwa kazi hiyo. Hali kadhalika mtu akiachishwa kazi, kifungu cha 39 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Wewe kazi yako ni kufika hadi kwenye dalili, na dalili hupatikana kwa kulinganisha.

Nani mwingine alikuwa katika hali kama yako, na yeye alitendewaje? Swali hilo ndilo roho ya shauri la ubaguzi. Dada yule wa kiwandani alinitajia majina ya wenzake watatu waliopewa mapumziko ya namna ile wakiwa wajawazito na hawakurudi. Alinitajia pia kaka aliyevunjika mguu akicheza mpira, akakaa nyumbani miezi mitatu, akarudi akaikuta mashine yake. Mimba ikafukuza, mguu haukufukuza. Mbele ya mwamuzi, ulinganisho huo una uzito kuliko machozi, na ungemlazimu mwajiri ajieleze.

Katika malipo ulinganisho ni mgumu zaidi kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba mshahara ni siri ya mtu na Mungu wake. Sheria inamtaka kila mwajiri achukue hatua za dhati kuhakikisha mwanamume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Thamani sawa, wala si lazima jina moja la kazi. Lakini mhasibu mwanamke atajuaje kwamba mwenzake wa meza ya pili anamzidi, ikiwa kila mmoja anaifunika hati yake ya mshahara kama karata? Siri hiyo inamlinda mmoja tu, na si aliyeketi mezani. Naomba wanachama wetu waanze kuzungumza mishahara yao wao kwa wao, kwa heshima na bila husuda.

Dalili nyingine iko kwenye daftari. Nunueni daftari dogo, la kurasa 40, likae nyumbani na si kazini. Nimeona madaftari mengi ya wafanyakazi, na mengi yameandikwa hivi: "Leo tena kaninyanyasa. Mungu anamwona." Mwenyezi Mungu anamwona kweli, lakini mwamuzi hamwoni. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa kwa lugha iliyotumika, na nani alikuwa karibu. Kwa mfano: Jumanne tarehe 14, saa 4 asubuhi, stoo, msimamizi kasema "watu wa kwenu hamwaminiki na funguo", walikuwapo fulani na fulani, kisha funguo akapewa mwingine. Mistari mitatu tu. Ujumbe wa simu usiufute, hata kama unakutia kichefuchefu. Na ukiitwa ukaambiwa jambo kwa mdomo, rudi uandike ujumbe mfupi wa adabu: "Bosi, nimekuelewa kwamba kuanzia kesho nisije kazini hadi nitakapojifungua. Asante." Akijibu, umepata ushahidi. Asipojibu, umepata tarehe.

Wapo wasiokuwa na mkataba wa maandishi, vibarua na dada wa kazi za nyumbani, ambao huniambia sheria si yao. Ni yao. Kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyatoa shauri linapofika, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Hata askari wa majeshi yetu, ambao kwa sehemu kubwa hawamo katika sheria hii, wamewekwa ndani kwa habari ya ubaguzi.

Basi umebaguliwa. Ufanye nini?

Kulalamika ndani ya eneo la kazi ni jambo jema, kwa maandishi, na nakala moja ibaki kwako ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Shirikisha chama chako. Lakini kumbuka neno hili hata ukisahau mengine yote niliyosema: mazungumzo ya ndani hayasimamishi kalenda. Mwajiri anaweza kukukaribisha chai wiki nne, kwa nia njema au mbaya, na siku zinahesabika huku mnakunywa.

Mahali pa kupeleka mgogoro ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Kama umeachishwa kazi, una siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho juu ya kukuachisha. Kama hukuachishwa kazi na unalalamikia jambo lingine, umenyimwa cheo, umepunjwa mshahara, umenyimwa kazi uliyoiomba, una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ni siku za kalenda, Jumapili na Idi zimo. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kutoa sababu nzito ya kuchelewa, na nimeshawaeleza yaliyompata dada yule.

Utajaza fomu namba 1 ya Tume. Kuna mahali pa kueleza aina ya mgogoro, na hapa ndipo wengi hujikata miguu. Mtu amefukuzwa kwa sababu ya ujauzito, lakini kwa kuwa alichonacho kichwani ni kodi ya nyumba, anaandika "malimbikizo ya mshahara na likizo" basi. Akifika mbele na kuanza kueleza ubaguzi, mwajiri anasimama na kusema hilo halimo kwenye fomu, na anasema kweli. Andika ubaguzi, na utaje sababu yake. Andika na unachokitaka: kurudishwa kazini bila kupoteza mshahara wako, kulipwa fidia, kulipwa tofauti ya mshahara, kupewa nafasi uliyonyimwa. Kabla ya kuipeleka fomu kwenye Tume, mpe mwajiri nakala, apige muhuri wa kupokea au asaini. Akikataa, nenda na shahidi na uandike kwamba amekataa.

Liko jambo linalofichwa na ugumu wa maneno. Mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki kwa mujibu wa sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi. Waajiri wengi wanaijua hesabu hii. Lakini katazo la ubaguzi halina miezi 6. Linamlinda hata yule aliyeingia juzi, hata aliyeishia kwenye usaili. Aliyefukuzwa mwezi wa tatu kwa sababu ya dini yake adai ubaguzi, asiburuzwe kwenye mlango uliofungwa wakati ule mwingine uko wazi. Na aliyeandika barua ya kujiuzulu kwa sababu maisha ya kazini yalifanywa yasivumilike, sheria inaweza kumhesabu kuwa ameachishwa. Barua hiyo iseme ukweli. Usiandike "kwa sababu binafsi" wakati sababu ni meneja.

Watumishi wa umma njia yao ni tofauti kidogo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 wanatakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma. Anayeombwa rushwa ya ngono, yaani kuambiwa akubali kulala na mkubwa ili aajiriwe, apandishwe au asifukuzwe, ana mlango mwingine wa ziada: hilo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU ndiyo inayolishughulikia. Milango hii haizuiani. Unaweza kwenda TAKUKURU na bado ukaenda Tume, ila usikubali kuambiwa usubiri wa kwanza uishe ndipo ufungue wa pili. Kalenda haisubiri.

Watu wanaiogopa Tume kama mahakama ya jinai. Si hivyo. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na sheria inaupa siku 30. Ni chumba cha kawaida, meza moja, msuluhishi upande mmoja, ninyi na mwajiri mkitazamana. Hakuna kizimba. Unaweza kuja na kiongozi wa chama, wakili, au mwakilishi wako binafsi. Msuluhishi haamui nani mkweli. Anatafuta mnapoweza kukutana, na mara nyingine atazungumza na kila upande peke yake. Nimeona mashauri yakimalizika humo kwa saa mbili, mtu akirudi kazini na msimamizi akihamishwa. Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6 tangu apate tuzo.

Tahadhari yangu moja kwenye usuluhishi ni karatasi ya mwisho. Mwajiri akikubali kulipa, huandikwa makubaliano, na karibu kila mara kuna mstari usemao mfanyakazi hana madai mengine yoyote. Mstari huo una nguvu. Usome mara mbili, na kama umeandikwa kwa Kiingereza usichokielewa, sema kwamba hukielewi kabla ya kalamu kugusa karatasi. Tangu mwaka 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Huombi upendeleo unapotaka kusoma kwa lugha yako makubaliano yanayofunga mdomo wako.

Na hofu? Nimeulizwa swali hili kila nilikokwenda: nikimshtaki bosi, si ndiyo nimejifukuzisha? Sitawadanganya kwamba hakuna anayelipiza kisasi. Wapo. Kifungu cha 37 kinasema kutumia haki unayopewa na sheria si sababu halali ya kukuachisha kazi, na ujauzito, ulemavu na ubaguzi wa aina yoyote navyo vimetajwa humo humo kuwa si sababu halali. Anayelipiza kisasi anajiongezea shauri la pili. Lakini najua kwamba kifungu hakilipi kodi ya nyumba mwezi huu, na ndiyo maana sijawahi kumlaumu mfanyakazi aliyeamua kunyamaza akijua anachokiacha. Ninachokilaani ni kunyamaza kwa kutojua. Mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao wako hadi vijijini. Baadhi yao wako ukumbini humu. Wapeni viti vya mbele mara nyingine.

Nisiwasifu watunga sheria tu. Siku 30 na siku 60 ni chache mno kwa madai ya ubaguzi, na nasema hivyo hadharani. Afrika Kusini anayelalamikia ubaguzi usio wa kuachishwa kazi ana miezi 6. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 kufungua shauri. Sisi tunamtaka mama aliyejifungua, ambaye titi linavuja na usiku halali, ajue sheria, apate fomu, amkabidhi nakala mwajiri aliyemfukuza, na afike kwenye Tume, yote ndani ya mwezi mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tumemnyonga na haki tumeiwekea tarehe ya kuisha kama maziwa. Vyama vyetu vidai angalau miezi 6 kwa shauri lolote la ubaguzi, na kwa mama mjamzito au aliyejifungua siku zianze kuhesabiwa baada ya likizo yake ya uzazi kumalizika. Hilo linahitaji marekebisho ya kanuni na sauti ya watu wengi, na litachukua muda.

Lisilohitaji Bunge ni hili. Kila tawi lina ubao wa matangazo. Rudini kesho mkabandike karatasi moja yenye mistari minne: ukiachishwa kazi, siku 30; jambo lingine lolote, siku 60; Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mahali ofisi yake ilipo katika mji wenu; na namba ya simu ya katibu wa tawi. Iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe mahali ambapo wanaokwenda msalani na wanaotoka zamu ya usiku watapita, na mwajiri akiibandua, bandikeni nyingine.